Siku ya Pili Mwili Ukiuma, Usiulaze Kitandani



Tuseme umerudi kutoka konji. Majuma mane ulikuwa Kasaji kwa wazee. Ulikula bukari ya muhogo na samaki, ulitembelea ndugu, ulilala mpaka jua likapanda. Kisha ulichukua treni, kama ilipatikana, au kamyo, ukapita Mutshatsha, ukafika Kolwezi na vumbi katika masikio na mufuko wa muhogo juu ya kichwa. Jumatatu uliingia kazini. Ulisikia nguvu mpya. Ukabeba, ukashuka, ukapanda, ukapiga nyundo kama mutu anayetaka kapita amuone. Jioni ulikuwa muzima kabisa.

Jumanne mapaja yalianza kusema. Jumatano asubuhi ulichuchumaa chooni, na kusimama kukawa kazi. Watoto walicheka. Bibi yako alisema: «Konji imekuzeesha.»

Maumivu haya kila mutu wa kazi ya mikono anayajua, lakini ni wachache wanaojua namna ya kuyaendesha. Mumoja anajifunika blanketi siku mbili, na mushahara wa siku mbili unapotea. Mwingine anameza vidonge vitatu vya rangi tatu alivyonunua sokoni, anavisindikiza na lutuku, na anaingia kazini akidhani amepona. Wa tatu anauma meno na kupanda ngazi na miguu isiyomutii. Huyu wa tatu anatutia hofu sana. Tutarudi kwake.

MAUMIVU HAYO YANATOKA WAPI?

Wengi wetu tuliambiwa, hata na walimu wa michezo shuleni, ya kuwa maumivu ya siku ya pili yanaletwa na asidi inayobaki ndani ya misuli. Sivyo. Asidi ile inatengenezwa kweli wakati mutu anapokimbia au kubeba kwa nguvu, lakini akipumzika, damu inaiondoa karibu kwa saa moja. Jumatano asubuhi haipo tena. Mwaka 1902 Mumarekani mumoja, Theodore Hough, ambaye alikuwa akipima uchovu wa vidole kwa chombo cha kuvuta uzito, aliandika ya kuwa maumivu yanayochelewa namna hii yanatoka katika mipasuko midogo ndani ya musuli wenyewe. Watu wa sayansi waliokuja nyuma yake waliangalia misuli kwa darubini kali, wakaona nyuzi ndogo sana zilizovurugika. Mwili unapeleka damu na maji mahali pale ili kutengeneza, na ni wakati wa matengenezo hayo ndipo tunaposikia uchungu. Unaanza nusu siku au siku moja baada ya kazi, unapanda sana siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida unakwisha kabla ya juma moja kupita.

Sasa sikiliza jambo linaloshangaza. Kazi inayovuruga nyuzi hizo zaidi si kupanda, ni kushuka. Si kuinua gunia, ni kuliteremsha polepole. Musuli unapoinua kitu, unajifupisha. Unapokiteremsha, unavuta huku unanyooshwa, kama mutu anayeshikilia kamba ya ndoo inayoshuka kisimani: akiiachilia, ndoo inaanguka, akiishikilia, kamba inamuchuna mikono. Ndiyo sababu mutu aliyeshuka kwa muguu materemko marefu ya shimo la wazi anaumwa mapaja kuliko yule aliyepanda tu. Kama ingekuwa asidi, mupandaji ndiye angeumia zaidi, kwa sababu ndiye aliyehema sana.

Mama aliyebaki Kasaji naye anayajua haya. Mwezi wa kumi, mvua ya kwanza ikianguka, anashika jembe baada ya miezi ya kipwa bila kulima. Kila anapoinama, misuli ya mugongo na ya nyuma ya mapaja ndiyo inayomushikilia asianguke. Anainama siku nzima. Siku ya pili anauma kama wewe, na yeye hana konji.

MIGUU ISIYOTII

Kwa nini habari hii iko katika ukurasa wa usalama, na maumivu yenyewe yanakwisha bila dawa? Kwa sababu musuli unaouma siku ya pili umepungukiwa nguvu, na nguvu hiyo inakosekana siku kadhaa. Tena haukupashi habari vizuri. Unadhani umeinua muguu juu ya bomba, kumbe kidole kimegonga. Unadhani umeshika chuma cha ngazi kama siku zote, kumbe mukono umelegea kidogo. Mutu hasikii upungufu huo, anasikia uchungu tu. Akimeza kidonge cha kuficha uchungu, upungufu unabaki palepale, na kengele iliyokuwa ikimuonya imezimwa. Basi yule aliyeuma meno na yule aliyemeza vidonge wanapanda ngazi moja yenye hatari moja.

Jumatano na Alhamisi za namna hiyo, shika ukuta wa ngazi, hata kama siku nyingine unashuka bila kuushika. Juu ya ngazi ya chuma, miguu miwili na mukono mumoja, au mikono miwili na muguu mumoja, viwe vimeshika wakati wote. Kutoka katika kamyo kubwa, shuka ukielekea ngazi kwa uso, usiruke. Muzigo uliokuwa ukibeba peke yako, beba na mwenzako. Na umuambie kapita kabla ya kazi kuanza, si baada ya kuangusha chombo juu ya muguu wa mutu mwingine.

Kwa kapita tuna neno pia. Mutu aliyerudi kutoka konji na anayesema mapaja yanauma hakuambii uvivu. Mupe kazi ya kutembea: kusafisha vyombo, kupeleka habari, kufagia, kubeba vitu vyepesi. Usimukalishe kitako muchana kutwa, na usimutume peke yake juu ya ngazi. Baada ya siku mbili tatu utamupata muzima.

KUTEMBEA NDIYO DAWA

Musuli unaouma unataka kutikiswa polepole. Ukiulaza unakauka kama ngozi iliyoachwa juani. Ukiuendesha kidogo, damu inapita, joto linaingia, na uchungu unashuka.

Anza kabla hujatoka kitandani. Kunja na kunyoosha vidole vya miguu, zungusha vifundo, vuta goti mumoja mumoja kuelekea tumbo bila kulazimisha. Kisha kaa ukingoni mwa kitanda, simama, kaa tena, mara tano au kumi, ukishika meza kama inafaa. Kukaa ndiko kutakuuma kuliko kusimama, na sasa unajua sababu. Halafu toka nje, zunguka lupango au nenda mpaka bombani na urudi, dakika kumi mpaka ishirini, mwendo wa mutu anayeongea na mwenzake njiani. Mwenye kinga apige kinga mahali pa tambarare. Mabega yakiuma, acha mikono ining'inie na kuipepesa mbele na nyuma kama mutu anayetembea haraka, kisha fanya mizunguko midogo, kisha mikubwa kidogo.

Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi za Kolwezi na za Kasaji ni baridi kweli. Vaa kitu cha joto kwanza, na usianze kwa kubeba. Mwili baridi unakataa kazi kama motoka baridi.

Utajuaje kama unafanya kiasi? Hatua za kwanza zinaweza kuuma, hiyo si neno. Lakini kadiri unavyoendelea, uchungu unapaswa kupungua. Ukiona unapanda kwa kila hatua, punguza. Ukizidi kupanda, acha. Tena uwe unaweza kuongea bila kukata pumzi. Si siku ya kushindana mupira na vijana wa mutaa.

Tusikudanganye hapa. Kutembea hakushoni nyuzi zilizovurugika haraka zaidi; zinajitengeneza kwa wakati wake. Kutembea kunakupunguzia uchungu kwa muda, na ukikaa unarudi. Basi unatembea tena: asubuhi kabla ya kazi, wakati wa chakula badala ya kukaa saa nzima juu ya ndoo, na jioni kabla ya kuketi. Kwa kutembea mara tatu kidogo kidogo unafika jioni umefanya kazi yako.

Wengine wanauliza juu ya kujinyoosha, kuvuta muguu mpaka musuli ulie. Mwaka 2011 wataalamu walikusanya tafiti nyingi juu ya jambo hilo, wakaona ya kuwa kujinyoosha, kabla au baada ya kazi, kunapunguza maumivu haya kidogo sana. Kama kunakupendeza, fanya taratibu. Lakini usimuruhusu rafiki akukanyage mugongo au akusukume kwa goti ili «mifupa ilie».

NA MUGONGO?

Mugongo ndio unaopeleka watu wengi kitandani. Mutu ameinua kitu vibaya au ameinama sana, mugongo umekaza, na wazee wanasema: lala, usijitikise. Zamani hata waganga wengi walisema hivyo. Wamegeuza neno. Mwaka 1986, huko Marekani, wagonjwa wa mugongo walioambiwa walale siku mbili walipona sawa na walioambiwa walale siku saba, lakini walikosa siku chache zaidi za kazi. Mwaka 1995 ikatoka habari ya wafanyakazi 186 wa muji wa Helsinki, huko Ufini, waliopatwa na maumivu ya mugongo. Kundi moja lililala siku mbili, kundi la pili lilifanya mazoezi ya kupinda mugongo, kundi la tatu liliendelea na mambo ya kila siku kadiri maumivu yalivyoruhusu. Kundi la tatu ndilo lililopona vizuri zaidi, na waliolala ndio waliochelewa.

Angalia maneno hayo: kadiri maumivu yalivyoruhusu. Si kubeba gunia la kilo hamsini juu ya mugongo mugonjwa. Ni kuamka, kuvaa, kwenda, kurudi, kugeuka, kupika, kupumzika kidogo na kuamka tena.

MAMBO YA NYUMBANI

Maji ya moto katika ndoo na kitambaa juu ya paja, vizuri, kama hakuna mahali palipovimba au kuumia kwa kugongwa. Kusuguliwa kwa mikono na mafuta ya mawese yaliyopashwa moto kidogo kunapunguza uchungu kidogo. Mama asugue kwa upole, asikande kama anayepiga bukari. Lakini chanjo, kule kuchanja ngozi kwa wembe na kutia dawa nyeusi, tunakuomba uiache. Haifiki katika musuli, na wembe uliopita kwa watu wengine unaleta ukimwi na ugonjwa wa ini.

Kwa vidonge, parasetamol ya dispanseri, kwa kiasi ulichoambiwa, inatosha kama usiku hupati usingizi. Vile vya nguvu zaidi, kama diklofenak na ibuprofen, vinaweza kutoboa tumbo, na katika mwili uliokauka kwa jasho vinaumiza figo. Pamoja na lutuku ni mabaya mara mbili. Na kidonge kisicho na jina, kilichofungwa katika plastiki ndogo, hujui ni nini. Wengine wamepewa tramadol namna hiyo bila kujua. Inaleta usingizi, inaweza kuangusha mutu kwa kifafa, na kuiacha ni shida. Mutu wa namna hiyo haongozi kamyo, wala hapandi ngazi.

Kunywa maji muchana kutwa mpaka mukojo uwe mweupe mweupe. Kula maharagwe, karanga, samaki, mayai kama yapo, maana nyama ya mwili inatengenezwa na chakula cha namna hiyo, si na bukari peke yake. Na ulale. Mufanyakazi wa usiku anayerudi asubuhi apewe chumba chenye giza, na watoto wapelekwe kucheza upande mwingine wa lupango. Hiyo ni kazi ya nyumba nzima.

WEWE DEREVA

Dereva wa kamyo kubwa ataniambia: mimi sibebi kitu, nakaa saa kumi na mbili, lakini mugongo na shingo vinauma kuliko vya mubebaji. Ni kweli. Musuli ulioshikilia mwili mahali pamoja saa nyingi, huku kiti kinautetemesha, unachoka vibaya. Dawa yako ni ileile. Kila mara kamyo inaposimama kwa kungoja na sheria ya mahali inaruhusu kushuka, shuka, izunguke kwa muguu, angalia matairi, nyoosha mabega. Kama huruhusiwi kushuka, geuza shingo pande mbili, inua mabega na kuyaachilia, kanyaga vidole na visigino. Na urekebishe kiti kabla ya kuwasha motoka. Usikirithi vile mwenzako mufupi alivyokiacha.

MAUMIVU AMBAYO SI HAYA

Maumivu ya siku ya pili yana tabia zake: yanakuja polepole, yako pande mbili, yako katika nyama na si katika kifundo, yanapungua ukitembea, na yanakwisha. Yakikosa tabia hizo, usitembee kuyafukuza. Nenda lopitali.

Kama ulisikia kitu kikikatika wakati uleule wa kazi, na mahali pakavimba au kugeuka rangi, hiyo ni jeraha, na ni ajali ya kazi: ipeleke dispanseri siku ileile, iandikwe. Mukojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, na misuli imevimba na kuwa migumu, usingoje kesho. Musuli ulioharibika sana unamwaga vitu katika damu vinavyoziba figo. Hilo linapata hasa mutu aliyefanya kazi ngumu mno katika joto bila maji, au aliyebanwa na jiwe, hata kama ametolewa akiongea. Mugongo unaouma pamoja na ganzi kati ya mapaja, muguu kulegea, au mukojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, ni wa kwenda lopitali usiku huohuo. Muguu mumoja tu kuvimba nyuma ya goti kwenda chini, baada ya safari ndefu ya kukaa, unaweza kuwa damu iliyoganda. Uchungu wa kifua unaoshuka mukono wa kushoto, na jasho baridi, usiuite musuli. Na mwili mzima ukiuma pamoja na homa, sisi tunaoishi na mbu tuanze kwa kupima malaria. Mwenye ugonjwa wa damu wa kurithi, ule unaoumiza mifupa ya watoto tangu udogo, asijipime na kazi ngumu bila kumuuliza munganga.

Neno moja ni la watu wetu wa upande wa Kisenge, waliofanya kazi miaka mingi katika vumbi la manganezi. Tangu mwaka 1837 munganga wa Scotland, John Couper, aliandika juu ya watu waliosaga manganezi na kupatwa na udhaifu wa miguu. Vumbi hilo, likivutwa muda mrefu, linaweza kugusa ubongo. Mutu anakuwa muzito, anatembea vibaya na kuanguka kwa nyuma, uso haubadiliki, sauti inakuwa ndogo. Hauumi sana, na kutembea hakuuondoi. Ukimuona baba yako hivyo, usiseme ni uzee tu. Mupeleke kwa munganga, na mwambie munganga alifanya kazi gani.

KABLA YA KUPANDA TRENI

Musuli uliovurugika mara moja na kupona haupatwi tena kwa kazi ileile kama mara ya kwanza. Unakumbuka majuma kadhaa, hata kama kazi ya kwanza ilikuwa ndogo. Kwa hiyo matengenezo ya Jumatatu ya Kolwezi yanaanza Kasaji, juma la mwisho la konji.

Siku ya kwanza ya juma lile, chukua jembe la mama saa moja, si siku nzima. Siku ya pili tembea tu. Siku ya tatu beba maji, ukiteremsha ndoo polepole kutoka kichwani. Tafuta mahali penye muteremko, panda na kushuka mara kumi. Utaumwa kidogo, lakini nyumbani, ambapo hakuna ngazi ya chuma. Siku moja kabla ya safari, pumzika. Na ukiingia kazini, siku tatu za kwanza beba nusu ya muzigo wako wa zamani, hata kama nguvu inakuambia beba wote na kapita anaangalia.